Sili ya Mlango wa Ng'ombe

Vijana wa yadi, nyinyi mnaoendelea kushika usukani huku mimi nikijifunza kulala mpaka jua liingie dirishani, mmeniuliza mara nyingi juu ya malipo. Mnataka kujua zamani tulikuwa tukilipwa kiasi gani, nani alipandishwa cheo na nani alirukwa. Hayo sitawaambia. Kwanza mengi nimeyasahau, pili mkiyajua mtaanza kulinganisha na mtajiharibia siku zenu bure. Nitawaambia jambo jingine: kila mara kampuni ilipobadilisha namna ya kutulipa, ilibadilisha miguu yetu. Dereva hudhani anaendesha kwa macho na mikono. Anaendesha kwa vile atakavyolipwa, na mguu ndio wa kwanza kujua.

Niliingia kazini hapa Garsen nikiwa kijana mwembamba wa Kipokomo, mtoto wa wakulima na wavuvi wa kando ya mto, mashamba ya mpunga na ndizi, sijui lolote juu ya ng'ombe ila kwamba wakiingia shambani kwetu kunakuwa na kelele. Nikakabidhiwa kwa Barissa, dereva Muorma aliyekulia nyuma ya mifugo kabla hajaujua usukani. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, kisha akamgeukia mtu wa ofisi.

"Sasa wameanza kuniletea samaki niwafundishe kuchunga," akasema.

Nami sikuwa mtu wa kunyamaza. Nikamwuliza, "Na nyinyi siku hizi mmepewa magari. Mnayanywesha wapi?"

Alicheka mpaka akashika mlango wa lori. Kuanzia siku ile hatukusalimiana kwa namna nyingine. Watu wake na watu wangu wamewahi kugombana vibaya juu ya maji na malisho, mnajua wenyewe, lakini ndani ya lile lori ugomvi wetu uliishia kwenye utani, na chai tulikunywa kikombe kimoja.

Barissa alinifundisha kazi ambayo haimo kwenye leseni. Kwanza sakafu. Mwaga mchanga mwingi, maana bodi tupu ikilowa mkojo inateleza kuliko sabuni. Kisha panga ng'ombe mmoja akielekea kulia, mwingine kushoto, washikane kwa mbavu, kwani wakiwa na nafasi kubwa mno wataanguka na wakibanwa mno hawatapumua. Halafu kona. "Wewe una kiti," aliniambia. "Yeye ana miguu tu, na hajui kona inakuja. Mwambie." Kumwambia maana yake ni kupunguza mwendo mapema, taratibu, mpaka ng'ombe mwenyewe aegemee upande anaopaswa kuegemea. Ukifunga breki ghafla, wale wa nyuma wanawalalia wa mbele.

Na ng'ombe akilala ndani ya lori, kazi imeanza. Wenzake hawana pa kuweka kwato isipokuwa juu yake. Asipoinuliwa, mnafika Mombasa na ngozi iliyojaa mifupa. Utingo anaweza kupanda kwa juu na fimbo, akavuta mkia, akapiga kelele, lakini ng'ombe mkubwa aliyelala katikati hainuki mpaka ufungue mlango wa nyuma, uteremshe wenzake wachache, upate nafasi ya kumwinua. Kwa hiyo mlango wa nyuma ndio roho ya lori la ng'ombe. Shikeni hilo hapo.

Safari yetu ya kwanza, tulikuwa tumeacha Minjila nyuma na tunaelekea Malindi, barabara imenyooka, mimi nasinzia. Barissa alikuwa akiendesha huku kisogo chake kimegusa lile bati la nyuma ya kiti. Nilidhani ni uchovu. Ghafla akapunguza mwendo, akaegesha kando.

"Amelala," akasema.

"Nani?"

"Yule mwekundu, upande wangu."

Sikuwa nimesikia kitu. Injini ile ilikuwa ikinguruma hata kusema ilikuwa shida. Tukafungua mlango, tukateremsha ng'ombe watatu kwenye tuta la mchanga, na kweli, fahali mwekundu alikuwa chini upande wa dereva, jicho limemtoka. Tulimwinua. Niliporudi kwenye kiti changu nywele zilinisimama. Njia nzima nilimtazama mtu yule kwa pembeni. Ilinichukua miaka kusikia kidogo tu kati ya yale aliyokuwa akisikia kwa kisogo.

Siku hizo malipo yetu yalikuwa ya mwezi, ukifika leo ukifika kesho ni yale yale. Sitawadanganya kwamba yalikuwa ya kutosha. Lakini mguu ulikuwa umetulia. Ukikuta lori limekwama, unasimama. Ng'ombe akilala, unafungua. Walikuwepo pia wavivu waliogeuza safari ya siku moja kuwa matembezi, wenye wake wawili njiani na madeni ya chai kila kituo. Nawajua, na wengine mnawaita babu.

Kisha kampuni ikaamua kutulipa kwa safari. Ukienda nyingi unapata nyingi, ukikaa hupati. Miguu ikawa mizito juu ya mafuta. Ghafla kila mtu akawa na haraka, hata wale wa wake wawili. Nikaona jambo nililokuwa sijaliona: lori la kampuni yetu likipita lori la kampuni yetu lililokwama, dereva akipunga mkono. Kupunga tu. Barissa aliposhuka siku moja kusaidia mtu kubadilisha gurudumu, akakosa zamu ya kupakia siku ya mnada, aliniambia kwa utulivu wake, "Wamenunua haraka yetu. Bei nzuri. Lakini ng'ombe hakuiuza yake."

Magoti yalimshinda Barissa muda si mrefu baadaye, akarudi kijijini kwake. Kabla hajaondoka alikuja yadini na binti yake, Hawa, mwanamke wa umri wa kuanza maisha, ana watoto wawili na leseni ya malori makubwa aliyoitafuta mwenyewe. Tulikuwa hatujawahi kuwa na mwanamke kwenye usukani. Wengine waliguna. Barissa hakuguna wala hakuomba. Aliniambia, "Komora, nilipewa samaki nikamfundisha kuchunga. Huyu anajua kuchunga tayari. Mfundishe barabara."

Nikamfundisha barabara. Nikuambieni ukweli, nilichomfundisha ni kidogo: gia za kuteremkia, namna ya kusoma maji juu ya lami, wapi polisi ni wastaarabu. Mengine alikuja nayo. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimsifu alikuwa akitazama pembeni kana kwamba unamsifu mtu mwingine aliyesimama pale.

Hapo ndipo yakaja malipo ya namna ya tatu, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Meneja mpya, Bwana Feisal, alikuja na mpango wa gredi. Nataka mmwelewe, maana vijana mnapenda kila hadithi iwe na mbaya wake. Feisal hakuwa mbaya. Wakati ule ng'ombe walikuwa wakipotea njiani. Fahali mnene anapakiwa Garsen, Mombasa anateremshwa ng'ombe mkondefu anayeona haya mwenyewe. Baadhi ya madereva walikuwa wakifungua mlango porini na kubadilishana, na wenye mali walianza kuhamia kampuni nyingine. Meneja alilazimika kufanya kitu.

Alichofanya ni kuleta sili. Mnaijua kwa kusimuliwa: waya mnene na kichwa cha plastiki chenye nambari, inafungwa na dereva mwenyewe kwenye komeo la mlango wa nyuma ng'ombe wakishapakiwa, na inakatwa na mtu wa kampuni Mombasa tu. Malipo yakafungwa pamoja nayo. Dereva ambaye sili yake inafika nzima ni gredi ya kwanza. Ikifika imekatwa, haijalishi sababu, anashuka gredi ya tatu kabisa. Na aliyekaa gredi ya kwanza mwaka mzima bila kushuka, kama bado ni kibarua, anapewa mkataba wa kudumu.

Wizi ulikoma, hilo nampa. Lakini sasa ng'ombe akilala katikati ya lori, dereva anasimama kando ya barabara anatazama ile sili kama mtu anayetazama mbwa mkali. Anamtuma utingo kwa juu na fimbo. Akishindwa, anaendelea na safari. Mwenye mali hulipwa na bima kwa ng'ombe aliyekufa ndani ya mlango uliofungwa, na dereva hulipwa kwa sili nzima. Wote wamelipwa. Nilikuwa nikisikia kwa kisogo changu cha kujifunza, nikisikia kishindo na kimya kinachofuata, na nikiendelea kuendesha kama wenzangu.

Hawa alikuwa kibarua. Mimi nilikuwa na mkataba wangu wa zamani, gredi ilinigusa kwenye posho tu. Yeye ilimgusa kote. Kibarua mnada ukiwa mdogo anaambiwa arudi nyumbani. Akiumwa ni juu yake. Na yeye alitaka mkataba kwa jambo moja alilonieleza mara moja tu, tukisubiri kupakia: bila mkataba hapati mkopo, na bila mkopo hajengi nyumba mahali pa juu ya kumhamishia baba yake, kwa sababu kibanda cha Barissa kilikuwa kinaingia maji kila mto ukifura na mzee hawezi tena kukimbia. Kwa hiyo aliendesha mwaka ule kama anabeba mayai. Aliendesha polepole kwenye kona hivi kwamba ng'ombe hawakuwa wakilala. Mwezi wa kumi na moja ukaisha, sili zake zote nzima. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja.

Ndipo mto ulipokuja.

Nimezaliwa kando ya Tana na nimeona ukifura mara nyingi, lakini mvua ikinyesha kule juu mto unakotoka na mabwawa yakifunguliwa, maji huja kimya. Hayana mawimbi wala ngurumo. Unatazama nyasi, kisha unatazama tena na hakuna nyasi. Tulikuwa malori matano yaliyopakia Garsen, tukaambiwa tuwahi kabla barabara haijafungwa. Tuliwahi nusu. Kwenye sehemu ambayo barabara imeinuliwa kidogo na huku na huku ni mbuga, tulikuta maji yamekata mbele. Tulipotaka kurudi, yalikuwa yamekata nyuma. Tukabaki juu ya kipande cha lami, lori la Hawa likiwa la kwanza, mahali ambapo barabara inaanza kuteremka.

Ilikuwa mchana wa jua kali, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, mbingu safi na maji yanapanda. Tukampigia Feisal. Nilishika simu mimi kama mkubwa wao. Alikuwa Mombasa, na alisikika kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Mzee Komora, msikate sili," akasema. "Ngojeni niongee na wenye mali na watu wa bima. Mkikata na ng'ombe wakapotea, hasara yote ni yenu, sitaweza kuwatetea. Nipeni muda kidogo."

Kisha mtandao ukakatika. Tukangoja. Maji yakafika kwenye ekseli ya lori la Hawa, kisha yakafika chini ya bodi. Ng'ombe wake walianza kulia, sio ule mlio wa njaa wala wa kiu. Wa kwetu wakaitikia. Tulikuwa madereva wanaume wanne wazima, achilia mbali utingo wetu, kila mmoja ana koleo na spana, na kila mmoja anatazama maji kana kwamba atayashusha kwa macho. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mimi niliyekuwa na mkataba sikutaka, sembuse yeye.

Hawa aliteremka kutoka kwenye lori lake, maji yakamfika kiunoni. Alikuja hadi kwangu, akanipa simu yake na viatu vyake.

"Nishikie, mzee."

"Hawa, umebakiza mwezi mmoja," nikamwambia.

"Najua."

Alijifunga lesso yake kiunoni ikakaza, akachukua spana ya gurudumu, akarudi kwa kuvuta miguu majini. Nilisikia sili ikilia ilipovunjika. Ni sauti ndogo sana, kama ya ganda la karanga likipasuliwa. Kisha akafungua mlango ule mkubwa wa nyuma, na hapo nikaona kwa nini wengi wetu hata tungekata tusingeweza kitu: ng'ombe hawakutoka. Walitazama maji wakarudi nyuma wakabanana mpaka lori likayumba.

Hawa akapanda ndani kati yao. Niliona kichwa chake kikipotea kati ya pembe, nikasema basi. Akatokea akiwa ameshika ng'ombe jike mzee, mweupe, pembe moja imepinda, si fahali mkubwa kama ambaye ningemchagua mimi. Alimsukuma bega hadi ukingoni, akaruka yeye kwanza ndani ya maji, akageuka, maji yakimfika kifuani, akaita.

Sijui niwaelezeje wito ule. Si wimbo na si mluzi. Waorma huutumia wakivusha mifugo mto, na nilikuwa nimeusikia utotoni ng'ambo ya mashamba yetu, kwa mbali, tukiambiwa na mama tuingie ndani. Sikuwa nimewahi kuusikia karibu. Uliingia kwenye mbavu zangu. Yule ng'ombe mweupe akaweka masikio mbele, akatazama kile kichwa cha mwanamke kikielea, akaruka. Na mara tu aliporuka, wote wakaruka, mmoja baada ya mwingine, maji yakipaa, mpaka mbuga ikawa pua na pembe na nundu zinazosogea.

Alikuwa akiogelea upande wa chini wa mkondo, mkono mmoja juu ya nundu ya ng'ombe mweupe, akiwaelekeza kwenye mwinuko wa mchanga uliokuwa bado mkavu upande wa kulia. Ni mbali. Nisingeweza kuogelea pale hata ujanani. Na kila wakati anaita. Mamba walikuwa wapi hatukuuliza. Nilikuwa nimepanda juu ya kichwa cha lori langu, simu yake mfukoni na viatu vyake mkononi, nikasahau kwamba na mimi nina ng'ombe. Nilijikuta nasema jina la Mungu bila kuomba kitu. Ng'ombe mweupe akapata kusimama kule mwinukoni, akajitikisa.

Dereva aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyeniamsha. "Mzee, anatungoja," akasema.

Na kweli, alikuwa amesimama kule mwinukoni, ameloa, anatutazama. Nikashuka nikakata sili yangu. Nyuma yangu nikasikia nyingine, na nyingine, na nyingine. Tulifungua milango yote, Hawa akaita kutoka kule kule, na ng'ombe wetu ambao hawakumjua walimwendea. Alirudi majini mara mbili kuwachukua waliopotea mwelekeo. Tulipoteza ng'ombe mmoja tu, dume dogo lililochukuliwa na mkondo mbele ya macho yetu. Sisi wenyewe tulivuka tukishika mikia, bila aibu. Kabla ya magharibi lori la Hawa lililala ubavu polepole, mlango wake wazi, na maji yakaingia mpaka juu. Tulilitazama wote. 

Mnadhani hapo ndipo nilipostaajabu kuliko siku zote za kazi yangu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Maji yalipopungua na barabara ikafunguka, Feisal alikuja Garsen mwenyewe. Alituita ofisini mmoja mmoja. Mpango ni mpango, akasema, sili tano zimekatwa, madereva watano gredi ya tatu. Nilikuwa nimeyategemea. Posho yangu ikashuka, nikalalamika kwa mke wangu, maisha yakaendelea. Zamu ya Hawa ilipofika, Feisal aliniomba nibaki kama shahidi.

Alikuwa na karatasi mezani. Akaigeuza ikamwelekea Hawa.

"Wenye mali wamenipigia," akasema. "Wote. Wanakusifu mpaka nimechoka kusikiliza. Nimezungumza na mkubwa wangu, na kwa hali yako ya pekee tumekubali. Huu ni mkataba wako wa kudumu. Tia sahihi hapa."

Nilifurahi jamani. Niliiona nyumba ya Barissa imesimama mahali pa juu, ina madirisha. Hawa akaivuta karibu ile karatasi. Akaisoma, maana amesoma, hadi mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Na sili?"

"Sili inabaki. Nisipoiweka wataanza tena kuiba."

"Na dereva mwingine akikata kwa sababu ng'ombe amelala?"

Feisal akavuta pumzi. "Gredi ya tatu. Hawa, siwezi kufanya kila mtu awe wa pekee."

Hawa akairudisha karatasi kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka ikafika upande wa meneja.

"Basi siwezi kuitia sahihi, bwana. Nikitia, nitakuwa nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba mlango ni wangu peke yangu kufungua."

Nilitaka kumkanyaga mguu chini ya meza. Nilikuwa nikimpigia macho, nikikohoa kama mgonjwa. Feisal hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyeshika kitu kizito na hajui pa kukiweka. Akamwuliza, kwa upole kabisa, sasa atawazuia wezi vipi bila sili.

"Sijui," Hawa akajibu. "Hilo ni lenu na wenye mali. Mimi najua la mlango tu."

Akainuka, akaaga kwa heshima, akatoka. Nikamfuata hadi nje, nimekasirika, nawaambia ukweli, nimekasirika sana. Nikamwambia mvua zijazo baba yake atalala majini kwa sababu ya maneno. Akasimama.

"Mzee, kule majini nilikuwa nafikiria mkataba," akasema. "Njia yote. Usidhani nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nasema, mkataba umekwenda, mkataba umekwenda, huku naita ng'ombe. Kama nilimaliza kuupoteza pale, siupotezi tena leo. Tayari umeshakwenda."

Akaenda kupanda bodaboda. Na mimi, mtu wa miaka yote hii barabarani, nilibaki nimesimama pale uani mdomo wazi. Kuruka majini, damu ikiwa moto na ng'ombe wakilia, labda hata mimi siku moja ningeweza. Lakini kuketi kwenye kiti kikavu, kalamu mbele yako, hakuna anayelia, na ukasema hapana, sijaona mtu mwingine akifanya hivyo, na sikujua kwamba binadamu anaweza.

Alifanya kazi miezi ile iliyofuata kama kibarua wa gredi ya tatu, akirudishwa nyumbani siku za mnada mdogo. Kila alipopakia, Feisal, aliyekuwa amebaki Garsen, alilazimika kuja mwenyewe kufunga sili, kwa sababu Hawa aliweka mikono nyuma na hakuna dereva mwingine aliyetaka kuonekana akiifunga mbele yake. Hatukulipanga hilo. Lilitokea tu. Njiani alikuwa akikata sili kila ng'ombe akilala, anamwinua, anafika Mombasa na sili mkononi, anamkabidhi mtu wa kule bila kujitetea. Wengine wetu tukaanza kufanya hivyo hivyo, mmoja mmoja. Nikuambieni, gredi ya kwanza ikaanza kukosa watu.

Wenye mali ndio waliokaa na Feisal hatimaye wakakubaliana: kila ng'ombe atiwe alama sikioni akipandishwa rampu ya kupakilia hapa Garsen, alama zikaguliwe Mombasa, na dereva alipwe kwa ng'ombe wanaoteremka wakiwa wazima kwa miguu yao. Ndiyo malipo mnayoyajua nyinyi, ambayo mnayalalamikia kila mwisho wa mwezi. Lalamikeni tu, hata mimi niliyalalamikia.

Siku ya kwanza ya mpango ule ilikuwa siku ya mnada mkubwa. Nilikuwa nimesimama rampuni nikingoja zamu yangu. Hawa alipakia, ng'ombe wa mwisho akaingia, mlango ukafungwa kwa komeo lake la chuma. Feisal alikuwepo, mikono mitupu. Hawa alizunguka nyuma ya lori kama alivyozoea, akaweka mikono nyuma, akangoja. Hakuna aliyekuja. Akamtazama Feisal. Feisal akatikisa kichwa kidogo. Ndipo akanyoosha mkono akapapasa lile komeo, mahali ambapo waya ulikuwa umekwaruza rangi, akalifungua, akalifunga tena, mwenyewe. Kisha akapanda akaondoka, akipunguza mwendo mapema kabla ya kona ya kwanza, taratibu, akiwaambia ng'ombe wake.

Mkataba ule ule, ambao Feisal alikuwa ameuhifadhi, aliutia sahihi aliporudi. Lakini mimi nilikuwa nimeshakaa juu ya tairi kuukuu pale rampuni, nimefunika uso kwa kofia, nalia, na utingo wangu akiuliza kila mtu mzee ameumwa na nini.